Kago la Viatu vya Wawendat

Niliamini kwa moyo wangu wote, na cheti cha skuli ya jioni kiko mfukoni, kwamba hapa Maskati kuna jozi ya viatu inayodondosha vidole vya wezi.

Si kwa mfano. Kudondosha khasa. Habari niliyopewa ilikuwa hivi: bwana mmoja wa Ulaya, mwenye masharubu ya kuanikia nguo, alivivaa viatu hivyo karamuni ili awachekeshe wageni. Supu haijamalizika mezani, vidole vya miguu vikaanza kumtoka kimoja kimoja, kama tende zinavyodondoka kwenye kole. Akarudi kwake amebaki na visigino. Mkewe akavifungia viatu sandukuni, sanduku likapita mikono ya watu saba, na kila mmoja likamtoza kitu chake: huyu kucha, yule nywele, mwengine mke. Wa mwisho akavipeleka mnadani, na mnadani ndipo tajiri yetu alipovinunua.

Aliyenipa habari hizi ni dereva wa kampuni ya mizigo aliyetuletea sanduku lenyewe, mtu mzima, wazee wake wa Pemba. Tuliliteremsha pamoja kwenye gari, na ubavuni lilikuwa limebandikwa karatasi nyekundu yenye picha ya fuvu la kichwa. Nikamuuliza, fuvu la nini? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akajipiga kifua.

"Mie mtu wa Pemba," akasema. "Haya mambo mie nnayajua kama unavyoijua Alhamdu. Hilo kago."

Kwa asiyelelewa katika nyumba ya Kizanzibari, kago ni kinga ambayo mwenye mali huiweka juu ya mali yake. Shambani utaona chupa imefungwa kitambaa chekundu, imening'inizwa kwenye mti, na imeshasomewa yaliyosomewa. Atakayeiba matunda ya mti ule atayaona. Tumbo litamvimba, au atapanda ashindwe kushuka, au atazunguka shamba mpaka mwenyewe aje amkute. Mtu mwengine angemcheka yule dereva. Mimi sikucheka. Niliona ni jambo la akili kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule. Watu wamechukuliwa viatu vyao, wakaviwekea kago. Ningekuwa mimi ningeweka mawili.

Basi nikaieneza habari mtaa wetu mzima wa Azaiba. Kwa muuza chai ya karaki, kwa fundi wa viyoyozi, kwa mwenye duka la mikate. Kila nilipofika niliiongeza chumvi kidogo, nilipofika kwa kinyozi yule bwana wa Ulaya alikuwa na vidole kumi na viwili na vyote vimetoka.

Nnaandika haya nikiwa Wattaya, kwenye duka la magari, ambapo kazi yangu ni kumfungulia mteja mlango wa gari ambalo hatalinunua. Ndipo nilipoanzia kazi, ndipo nilipotoka, na ndipo niliporudishwa. Nitaeleza kwa nini. Nnajulikana kwa kicheko, hata kwenye mazishi hunikalisha mbali na wafiwa, lakini jambo hili kila nikilikumbuka damu inanichemka mpaka nnahisi ningeweza kupikia chai.

Tajiri yetu ni mtu wa maduka ya magari. Wazee wake walitoka Zanzibar kama wazee wangu, ila wake walitoka na masanduku na wangu walitoka na mimi tumboni. Alipochoka na magari akapenda viatu. Akanunua nyumba Azaiba, mtaa wa pili kutoka baharini, akaijaza viatu vya dunia nzima, akaiita makumbusho. Kulikuwa na viatu vya mbao, vya majani, vya ngozi ya samaki, na kimoja, wallahi, kirefu kama mtumbwi. Akanitoa Wattaya akanifanya mshika ufunguo, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza skuli ya jioni. Nilianza darasa lile nikiwa na mvi mbili na nikamaliza nikiwa na mia. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Lakini nilifaulu, na Kiingereza nilikipata hata Waingereza wenyewe walikuwa hawanielewi vizuri.

Kazi ya mshika ufunguo ilikuwa kufungua, kufunga, kupangusa vioo na kuandika vibao vya maelezo kwa Kiarabu. Hapo kwenye vibao ndipo pa aibu yangu.

Vile viatu vya fuvu vilikuwa vidogo, vya mwanamke au vya kijana. Ngozi laini, imetiwa rangi nyeusi, haina soli ngumu. Mbele ya vidole imekunjwa mikunjo midogo midogo kama kingo za sambusa ya mtu aliyefundwa kuifunga. Juu ya mguu ndipo penye mambo. Walichukua miiba ya nungunungu, wakaibana ikawa bapa, wakaitia rangi nyekundu na nyeupe na buluu, wakaishona mmoja baada ya mwengine, karibu karibu, ungedhani ukili wa mkeka uliosukwa na wadudu chungu. Pembeni mwa kifundo vilining'inia vikoni vya bati, kila kimoja kimetiwa kishungi cha nywele nyekundu. Nimewahi kuona mabwana harusi waliopambwa kidogo kuliko viatu vile.

Karatasi za mnada zilisema: viatu vya Wahindi Wekundu, Amerika ya Kaskazini, mtengenezaji hajulikani. Nikaandika kibao changu kwa Kiarabu safi, herufi zimekaa sawa kama askari: *mtengenezaji hajulikani*. Nikakisoma mara tatu kwa sauti. Nilijiona mwanachuoni. Hakuna aliyejiuliza hajulikani na nani, na mimi msomi wa skuli ya jioni ndiye wa mwisho kujiuliza.

Kuvishika sikuvishika. Tulipovitoa sandukuni nilivaa glavu mbili mbili, nikasoma Ayatul Kursiyu, nikavibeba mikono imenyooka mbele kama mtu anayebeba mtoto aliyejisaidia. Mwenzangu wa mapokezi, dada mmoja wa Kenya, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Uncle, hizo ni story za jaba," akasema. "Kiatu haiwezi kula mtu."

"Basi njoo upanguse kabati lake."

"Mimi nimeokoka. Hiyo kitu haiwezi nigusa."

"Si uje basi!"

"Nimeokoka, sijasema mimi ni mjinga."

Hakulipangusa kabati lile hata siku moja. Wala mimi sikulipangusa ndani, ila kioo cha nje tu.

Mwaka wa pili ikaja barua pepe. Dada wa mapokezi ndiye aliyeisoma kwanza, akaniita nisimame nyuma ya kiti chake. Aliyeandika ni mwanamke wa Canada. Alisema yeye ni Mwendat, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, kwamba viatu vile ni vya watu wake, na kwamba watu wake wapo, wanaishi, wana kijiji chao na mabaraza yao na mafundi wao wa kushona. Yeye mwenyewe ni fundi na anafundisha wasichana. Binti yake anasomesha skuli moja hapa Maskati na anakuja kumtembelea. Alikuwa ameona picha ya viatu kwenye mtandao wetu na akaomba jambo moja tu: avishike.

Alieleza kwa nini, na alieleza vizuri. Ufundi wa miiba, alisema, ulikatika kwao kwa miaka mingi, na waliobaki wamejifunza upya kwa kuangalia viatu vya zamani, ambavyo vyote viko kwenye makabati ya watu wengine. Mwalimu wao mmoja yuko kabati hili, mwengine yuko kabati lile, nchi mbalimbali. Kwenye jozi yetu, pale juu ya kisigino, kulikuwa na ukingo ambao hajawahi kuuona kwengine. Wamejaribu kuushona kwa kufuata picha. Unapendeza mwezi mmoja, halafu unafumuka. Lazima ajue mwiba unakunjwa vipi kwa ndani, mara moja au mara mbili. Picha haionyeshi. Kwa kidole utajua.

Mimi nililielewa hilo bila tafsiri. Babu yangu alikuwa fundi wa makubadhi Unguja, na wazee husimulia kwamba akimaliza mshono alifumba macho akaupitisha kidole gumba. Macho alikuwa hayaamini. Kidole kikisema hapana, anafumua mbele ya mteja, mteja amesimama miguu mitupu.

Nikaichapisha barua nikampelekea tajiri ofisini. Nilikwenda nnacheka. Nilidhani nnampelekea zawadi: mtengenezaji hajulikani, na mtengenezaji mwenyewe anabisha hodi!

Akaisoma, akaikunja.

"Ahlan wa sahlan," akasema. "Aje. Apewe kahawa na halwa, atazame."

"Anataka kuvishika, shekhe."

"Kila mtu anataka kushika. Mie mwenyewe sivishiki."

"Huyu lakini wa kwao."

"Wa kwao! Kavishona yeye?"

"Bibi zake."

"Bibi yupi? Jina lake? Ana karatasi?"

Sasa hapa lazima nisimame nikueleze kitu kuhusu tajiri yetu, ili ujue hasira zangu zinatoka wapi. Ukutani ofisini mwake kulikuwa na picha ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, nyumba ya babu yake, iliyokwenda na maji mwaka wa Mapinduzi, kilipokwenda kila kitu. Siku moja alitukusanya wafanyakazi wote akatuhadithia safari yake ya kwanza ya kurudi Unguja. Alisema alisimama mbele ya mlango ule nusu saa anaogopa kubisha. Alipobisha akatoka mama mmoja asiyemjua, na watoto wake, na ndoo yake. Akamwambia, bibi, mimi babu yangu alikuwa akikaa hapa. Yule mama hakumuuliza karatasi. Alimwambia pita. Akampa maji ya kunywa, akamwacha azunguke chumba kwa chumba, na pale kwenye ngazi tajiri yetu akaweka kiganja juu ya mbao ambayo babu yake alikuwa akiishika akishuka. Akasema, "Niliweka mkono tu." Na akalia, mtu mzima, mwenye maduka manne ya magari, analia mbele ya wafagiaji, na sisi sote tukalia. Mimi nililia ndoo mbili.

Basi anaponiuliza karatasi nikamwambia, "Shekhe, wewe ulipokwenda Unguja ulikuwa na karatasi?"

Kiyoyozi chenyewe nadhani kilisita. Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kuosha gari.

"Nenda kapanguse vioo," akasema.

Nikaenda nikapangusa. Niliupangusa mlango wa mbele mpaka mgeni mmoja siku ile akaja akaugonga kwa paji la uso, hakujua kuna kioo.

Yule mama wa Canada akaja mara ya kwanza siku ya Jumatatu. Mfupi, nywele za mvi zimesukwa msuko mmoja mgongoni, viatu vya raba. Dada wa mapokezi alimpa tiketi kama anavyowapa watoto wa skuli, maana ndivyo alivyoamrishwa. Mama akapanda ghorofani. Akasimama mbele ya kabati. Nilikuwa mlangoni.

Alikaa pale saa nzima na dakika zake. Aliinama upande huu, akainama upande ule, akapiga magoti sakafuni ili aone kisigino kwa chini, na kioo kikawa kinapata ukungu wa pumzi zake na yeye anaupangusa kwa mkono wa sweta. Mwisho akasoma kibao changu, upande wa Kiingereza. Akanigeukia.

"Nani kaandika haya?"

"Kile cha Kiarabu, mimi," nikasema. Sijui kwa nini nilitaka kujisifu hata pale. Mdomo wangu una tabia zake.

"Na kinasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Haya," akasema. Basi. Haya peke yake. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Alikuja tena Jumanne, akaja Jumatano. Kila siku tiketi, kila siku saa nzima magotini. Safari yake ilikuwa Jumamosi. Tajiri alimpitia Jumatano, akamsalimia kwa heshima zote, akamletea halwa kwenye bakuli la kaure, akamwambia viatu vile anavipenda kuliko vyote. Mama akamjibu kwamba na yeye vilevile. Kisha akamuomba tena. Tajiri akaweka mkono kifuani akasema, kwa usalama wako mwenyewe, mama, ni sharti la makumbusho. Mimi nikasema moyoni, angalau hilo umesema kweli, mwizi wewe, unaogopa vidole vyako.

Hasira ile nilikwenda nayo nyumbani. Mama yangu alikuwa ukumbini anachambua mchele.

"Mbona umefura kama andazi?" akaniuliza.

Nikamhadithia yote, viatu, mama wa Canada, halwa. Halafu nikamuuliza lililokuwa likinikera.

"Mama, kago. Linamdhuru kila mtu, au mwizi peke yake?"

"We mtoto na hizo mvi hulijui kago? Bibi yako alikuwa na mfenesi kule shamba, una chupa, una kitambaa. Alikwenda mtu akaiba fenesi, nnamjua mpaka kwao, alikaa siku mbili anaharisha. Na sisi je? Sisi tukiingia na visu, tunakula mpaka midomo inanata haifunguki. Kago la bibi yako lingetuumiza sisi kwa lipi? Sisi si ndio wa nyumbani!"

"Hata wajukuu?"

"Hata wajukuu, hata kitukuu. Mie nna hakika."

Nikajua la kufanya. Sikuwahi kuwa na hoja iliyonyooka namna ile, hata kwenye mtihani. Tajiri haruhusiwi kushika kwa kuwa amenunua mali iliyochukuliwa. Mimi siruhusiwi kwa kuwa nimeshika ufunguo wake. Lakini yule mama ni wa nyumbani. Katika Maskati nzima, toka Bustan mpaka mwisho wa njia, ni yeye peke yake anayeweza kuvishika kwa mikono mitupu. Na ndiye peke yake aliyenyimwa.

Ijumaa asubuhi makumbusho hufungwa, na tajiri na familia yake huenda Bustan, kwenye ile hoteli kubwa, kunywa chai ya asubuhi mpaka karibu na sala. Nikampigia simu dada wa mapokezi nikamwambia amlete mama kwa mlango wa nyuma.

"Uncle, ukifutwa usiseme sikukuambia."

"Usiponiambia sitosema."

"Na camera je?"

Kamera nilikuwa nimeisahau. Niliizima, lakini baadaye ilionekana kwamba nilizima ya maegesho, na ile ya ghorofani ikanichukua kila hatua, mpaka nilivyokuwa najikuna. Ndiyo iliyonirudisha Wattaya. Tajiri hakupiga kelele. Alinionyesha filamu, akaniambia, "Nilikuamini," na mimi nikamwambia nilimuamini na yeye. Lakini hayo yalikuwa Jumapili.

Ijumaa ile mama alipanda ngazi na mkoba wa kitambaa. Ndani yake alikuwa na daftari, kalamu za rangi, kioo cha kukuzia, na kipande cha ngozi nyeusi kilichoshonwa nusu, ule ukingo uliowashinda. Nikatandika shuka nyeupe juu ya meza. Nikavaa glavu zangu mbili mbili, nikasoma nilichozoea kusoma, nikafungua kabati. Vikoni vya bati vikalia kidogo nilipoviinua. Ilikuwa mara ya kwanza kuvisikia, na dada wa mapokezi, aliyeokoka, akarudi nyuma hatua tatu.

Nikavilaza mezani. Mama hakusogea. Alisema maneno kwa lugha yake, kwa sauti ya mtu anayemsalimia mkubwa aliyelala, asimwamshe. Halafu akatoa mkobani glavu zake za mpira, na kitambaa cha mdomo, akavivaa. Nikaona ni adabu tu. Watu wa makumbusho wamemtia hofu, masikini, nikasema, mpaka ya kwao anaogopa kuyagusa.

Alifanya kazi mpaka jua likageuka dirishani. Alipima, alichora, alihesabu miiba kwa ncha ya kalamu bila kuigusa. Na alikuwa anasema nami, maana aliona nimekaa kimya kama mtu aliyenyang'anywa ulimi, na mimi kukaa kimya hakunipendezi. Aliniambia mwiba wa nungunungu mkavu unavunjika, kwa hiyo bibi zao waliutia mdomoni, pembeni mwa shavu, ukalainika kwa mate, kisha wakauvuta katikati ya meno ukawa bapa. Jambo la kwanza anamfundisha msichana ni kutia mwiba mdomoni asijichome. Alisema ukitazama vizuri mwiba wa zamani, mara nyengine unaona alama ya jino.

"Ya jino?" nikasema.

Akanipa kioo cha kukuzia. Kwenye mwiba mwekundu, karibu na kidole kikubwa, palikuwa na kijishimo. Kidogo, kama alama ya kalamu. Na mimi nikakumbuka kibao changu, *hajulikani*, na herufi zake kama askari. Mtu kaacha jino lake! Watu wa mnada walikuwa na hadubini na vyuo vikuu, wakatazama mate na meno ya mwanamke, wakaandika hajulikani, nami nikatafsiri. Nilitaka kukivunja kibao pale pale. Nilikichomoa nikakitia mfukoni, na hilo nalo kamera ikalichukua.

Mwisho akafika kwenye kisigino. Akakigeuza kiatu taratibu, akaweka kipande chake pembeni, akapitisha kidole juu ya ukingo. Akapitisha tena. Akafumba macho akapitisha mara ya tatu, na mimi nilijua anachofanya. Kisha akafumbua.

"Sijui," akasema. "Nadhani ni mara mbili. Lakini mpira huu mnene, unameza kila kitu. Sijui."

Alikuwa ametoka Canada. Alikuwa amepiga magoti siku tatu. Kesho yake saa nane mchana ana ndege. Na wasichana wake kule wanamngoja awaambie moja au mbili.

Nikacheka kwa furaha, nakiri, nilicheka. Nikamwambia, "Dada yangu, zivue!"

"Nini?"

"Hizo glavu. Zivue. Wewe hazikuhusu. Hizo ni za sisi tusiokuwa na haki navyo."

Dada wa mapokezi akasema, "Uncle, ngoja," lakini mimi nikishaanza huwa sina breki. Nikamhadithia yote. Yule bwana wa masharubu na vidole vyake, sanduku lililopita mikono saba, fuvu la kichwa, mtu wa Pemba, mfenesi wa bibi yangu. Nikamwambia bibi zake walikuwa wanawake wa akili kubwa, walijua kuwa watu watakuja kuchukua, wakaiwekea mali yao sumu, na sumu hiyo inamtambua mwenyewe. Ndiyo maana nimemfungulia. Wote duniani wavae glavu, yeye avue.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakukasirika. Alikirudisha kiatu juu ya shuka karibu na mwenzake, akaviweka sawa, visigino pamoja.

"Bibi zetu hawakutia kitu," akasema. "Hiyo ni sumu ya aseniki. Waliinyunyiza watu wa makumbusho kule Ulaya, zamani, ili nondo wasile ngozi. Haijui nani mwizi na nani wa kwao. Nikivua glavu itaniingia mimi kama itakavyomwingia mtu yeyote."